Siku Namba ya Foleni Ilipogeuka Mbuzi

Vijana wangu, mtu akiwaambia amefanya kazi ya kompyuta miaka thelathini na hajawahi kutolewa kijasho na anwani ya mtandao, mchunguzeni vizuri. Huenda kompyuta alikuwa anaziuza tu. Mimi nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja cha ufundi hapa Machakos mjini, na Jumamosi nilikuwa fundi wa kila aliyekuwa na namba yangu: shule, kanisa, duka la dawa, saluni. Nimefungua kompyuta nikakuta siafu wamehamia. Nimefungua printa nikakuta panya ameweka akiba ya mahindi. Hayo yana dawa, maana siafu unawaona. Anwani iliyokosewa huioni. Inakaa kimya, namba nne zenye nukta katikati, ikingoja siku ambayo watu wote wanakutazama.

Mnakuja hapa kwangu na laptop kwapani na uso wa mtu aliyefiwa. "Madam, seva imekataa." Nawauliza, imekataa nini? "Imekataa tu." Jamani, punda ndiye hukataa tu. Seva ni programu inayokaa ikisubiri kuulizwa, kisha ijibu. Ikikataa, huwa imekuandikia sababu, ila wewe umefunga dirisha kabla hujaisoma.

Basi nitawaeleza yaliyonipata na seva moja ndogo niliyoiandika kule Kangundo, mwaka mmoja kabla sijastaafu. Mkicheka ni sawa. Mimi pia siku hizi hucheka.

Nyumbani kwetu tuna miti ya kahawa, kama watu wengi wa upande ule wa milima, na mume wangu, Baba Nduku, ndiye huishughulikia. Kahawa ikiiva unaichuma ikiwa bado na ganda lake jekundu. Hiyo ndiyo cheri, na lazima ifike kiwandani siku hiyo hiyo, kwa sababu ikilala inachacha na kushuka gredi. Sasa fikirieni kijiji kizima kimechuma wiki moja, na kiwanda kina mizani moja. Watu walichuma alfajiri wakaja na magunia, wengine kwa punda, wengine kwa bodaboda, wengine mgongoni, wakasimama juani hadi jioni. Ukienda haja, ukirudi nafasi yako imeshapata mwenyewe. Akina mama waligombana kwenye ile foleni hadi wakasahau kwamba ni wa jumuiya moja kanisani. Na ajabu ni kwamba haikusonga. Ungehesabu watu kumi mbele yako, ukakaa saa tatu, na bado ni wale wale kumi.

Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Mbithi, alikuwa mtu wa koti na kofia hata jua liwe kali vipi. Alipenda maendeleo, hasa yale ya kuzinduliwa. Akaniita ofisini.

"Mama Nduku, mimi nimeona huko benki watu wanapewa namba, halafu wanakaa. Sisi tunashindwa na nini?"

"Hatushindwi, Mzee."

"Basi tutengenezee. Lakini isikule bando ya watu."

Hilo la bando ndilo lililonifurahisha. Wifi ya kiwanda ilikuwa inafika hadi kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Nikasema nitaweka seva kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, iwe na ukurasa mmoja tu unaojifungua upya wenyewe, wenye maneno makubwa: SASA ANAHUDUMIWA NAMBA, halafu namba yenyewe. Karani wa mizani, binti mmoja makini aitwaye Syombua, atabonyeza kitufe na namba ipande. Mkulima atakaa kwenye kibanda, anywe chai, aangalie simu. Asiye na simu ya kufungua kurasa ataangalia televisheni tutakayoning'iniza pale bandani watu wanapongojea.

Niliiandika kwa lugha ya Python, mistari isiyofika mia. Nikamsomea kwa simu Mwalimu Musyoki, aliyenifundisha kazi hii. Alikuwa mkubwa wangu chuoni, na ujana wake aliumalizia juu ya nguzo za simu mpaka magoti yakagoma. Wakati huo alikuwa ameshastaafu, anafuga kuku Masii.

"Fupi ni nzuri," akasema. "Makosa hayana mahali pengi pa kujificha. Lakini kumbuka, kosa halihitaji nafasi kubwa."

Mwalimu Musyoki alikuwa na daftari la shule, lile la mistari, ambamo aliandika kwa penseli kila anwani aliyowahi kuipa mashine, na sababu yake. Na kila waya aliufunga karatasi yenye jina. Mimi nilikuwa namcheka. "Mwalimu, hizi namba ziko kwa kichwa." Akanijibu, "Kichwa chako kina watoto watatu, mume na kwaya. Namba zinalala wapi?"

Jumamosi ya kwanza nikaiwasha seva, nikafungua ukurasa kwenye kompyuta ile ile. Ukaja, safi kabisa. Nikamwita Syombua aujaribu kwa simu yake.

"Madam, kwangu hakuna kitu."

"Andika tena polepole."

"Nimeandika mara tatu."

Nikaitazama simu yake, nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba tatizo ni simu, ni ya zamani. Binti wa watu akaondoka. Jumamosi iliyofuata akaja na simu ya dada yake, mpya, bado ina nailoni kwenye kioo. "Madam, hata hii ni ya zamani?"

Hapo ndipo nilipousoma mstari wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiambia seva isikilize kwenye 127.0.0.1. Hiyo, vijana, ni anwani ambayo kila kompyuta hujiitia yenyewe. Seva ikisikiliza hapo inasikia kompyuta yake tu. Dunia nzima ingebisha na isingejua kuna mgeni. Nikabadilisha nikaweka 0.0.0.0, maana yake sikiliza kila upande, na simu ya dada ikafungua papo hapo. Ya Syombua pia. Nilimwomba msamaha na kumnunulia chai na mandazi mawili. Tangu siku hiyo, ukurasa ukifunguka kwangu sisemi umefunguka. Nauonjesha kwanza kwenye mashine nyingine, kabla sijatukana simu ya mtu.

Kuna siku nyingine nilimpigia Mwalimu Musyoki. "Mwalimu, tumeingiliwa! Kuna mtu ameshika mlango wa seva yangu!" Kompyuta ilikuwa imeniandikia *Address already in use*. Mlango ninaosema ni ile namba inayofuata anwani, ile mnayoiita port, na kwa kawaida mlango mmoja hukaa programu moja.

"Mtu gani?" akauliza, huku nasikia kuku nyuma yake.

"Sijui. Labda virusi."

"Acha kuotea. Iulize mashine ni nani ameshika."

Nikaandika amri ya kuorodhesha milango na wanaoishika, *ss -ltnp*, ambayo natumaini hata nyinyi mnaijua. Nikaangalia jina, nikaangalia tena. Ilikuwa seva yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiwasha asubuhi kwenye dirisha jingine na kuisahau.

"Umemwona mwizi?" akauliza.

"Nimemwona."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

"Haya, mfunge." Akakata simu akalishe kuku.

Wiki iliyofuata umeme ukapotea, kama kawaida ya Kangundo mvua ikinyesha. Uliporudi, seva ikagoma kuwaka: *Cannot assign requested address*. Kumbe mimi na ujuzi wangu nilikuwa nimeacha 0.0.0.0 na kuandika ndani ya programu anwani halisi ambayo raota, kile kisanduku cha wifi, ilikuwa imeipa kompyuta ile. Raota ilipoamka, ikagawa anwani upya kama mtu anayegawa peremende, na kompyuta ikapata nyingine. Programu ilikuwa inadai kukaa kwenye anwani ambayo mashine yake haina tena. Nikairudisha 0.0.0.0. Lakini bado kulikuwa na shida, maana tayari nilikuwa nimebandika anwani ya zamani kwenye ukuta wa kibanda cha chai, na sasa lile tangazo lilikuwa uongo mtupu.

Nikaamua kuipa kompyuta anwani ya kudumu, kwa mkono wangu. Namba gani? Ikanijia yenyewe bila kufikiri: 192.168.1.20. Nzuri, fupi, rahisi kukumbuka. Kabla ya kuiweka nikafanya kama fundi mwenye busara, nikaipigia hodi kwa *ping* nione kama kuna mashine nyingine inayoitumia. Hakuna aliyejibu. Nikasema basi ni tupu, nikaiweka. Seva nikaihamishia mlango wa 80 ili watu wasihangaike kuandika nukta mbili na namba nyingine mwishoni. Nikachapisha anwani kwa herufi kubwa, nikaitia nailoni, nikaibandika kibandani na bandani.

Ikafika siku ya uzinduzi.

Asubuhi nikamwambia Baba Nduku, "Magunia mawili ya jana jioni yapo, yasije yakachacha. Nenda mapema uchukue namba."

"Leo sipeleki," akasema akifunga viatu. "Naenda Tala kuulizia dawa ya kunyunyizia."

Nikaenda zangu. Kiwandani kulikuwa na mahema, padri, maofisa wa kilimo na viti vyenye vitambaa. Mzee Mbithi alikuwa anazunguka kila pembe akiamuru, "Leo kila kitu kiwake! Kila kitu!" Askari wa lango la nyuma akatii. Alichomoa chaja ya simu yake kutoka kwenye soketi aliyoizoea, akarudisha plagi iliyokuwa imening'inia karibu miaka miwili. Mimi sikujua. Nilikuwa juu ya ngazi nikinyoosha televisheni.

Mzee Mbithi akashika kipaza sauti. "Kuanzia leo, foleni ni foleni! Hakuna mkubwa, hakuna mdogo! Hata mimi nitachukua namba!" Watu wakapiga makofi. Syombua akabonyeza. Televisheni ikaonyesha moja. Mbili. Tatu. Watu wakavuka barabara wakaketi kibandani na simu zao, wakiagiza chai kama mabosi. Ilipofika kumi na nne nilishaanza kuonja sifa. Nilikuwa nimesimama mikono kiunoni.

Ndipo Mwaitu Kalunde akapaza sauti kutoka ng'ambo. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na huyu alikuwa mama wa wote pale, mkulima mkongwe kuliko kiwanda chenyewe. Alikuwa ameshika simu ya mjukuu wake mbali na macho.

"Fundi! Inasema sasa anahudumiwa mbuzi!"

Watu wakacheka. Nikavuka nikidhani ni macho. Akanipa simu. Ilikuwa ni mbuzi kweli, masikio na yote, amesimama kwenye lango fulani anatafuna karatasi. Jirani yake alikuwa bado anaona namba kumi na tano. Aliyefuata, mbuzi. Nikabonyeza kuufungua upya, ikaja kumi na tano. Nikabonyeza tena, akaja mbuzi, safari hii kwa nyuma.

"Na hii mbuzi iko na namba ngapi?" akauliza kijana wa bodaboda. "Sababu mimi niko na kumi na nane."

Nikakimbia ofisini. Wazo la kwanza, kama kawaida, tumeingiliwa. La pili likawa la Mwalimu Musyoki: acha kuotea. Nikafungua laptop yangu, nikaangalia ile orodha inayoonyesha anwani gani inashikwa na kadi gani ya mtandao. Ile ya ishirini ilikuwa inashikwa na kadi moja. Nikafuta, nikauliza tena. Sasa ilishikwa na nyingine. Mashine mbili zilikuwa zinatumia anwani moja, na kila simu ilipata ile iliyowahi kuitika.

Nikamkumbuka yule mbuzi. Halafu nikakumbuka lile lango nyuma yake.

Karibu miaka miwili nyuma mimi mwenyewe nilifunga kamera kwenye lango la nyuma. Niliipa anwani kwa mkono, namba nzuri, fupi, rahisi kukumbuka. Sikuiandika popote. Nywila nayo sikuiweka. Nilisema ni kwa muda tu, ukiifungua inakuletea picha moja kwa moja. Baadaye askari akaichomoa achaji simu, na mimi nilipopiga hodi ikanyamaza, kwa sababu aliyelala haitikii hodi. Tangu hapo sijaamini kimya cha anwani. Kimya maana yake ni kwamba hakuna aliyejibu *sasa*.

Dawa ilikuwa rahisi. Ningechomoa waya wa kamera pale kwenye swichi, kile kisanduku nyaya zote za mtandao zinapokutania, namba zingerudi, na mbuzi angesahaulika. Nikaifikia swichi kwenye kona. Nyaya nane, zote za buluu, hakuna hata mmoja wenye jina.

Nikiwa nazifuata kwa kidole, nikasikia kicheko cha nje kimebadilika. Kilikuwa sasa ni mnong'ono, ule wa watu wanaoelewa jambo pamoja. Nikachungulia dirishani. Hata televisheni ilikuwa imeshika kamera. Mbuzi ameondoka. Kwenye lango la nyuma alikuwa anaingia shemeji ya Mzee Mbithi na punda mwenye magunia manne, na askari anamfungulia kwa saluti. Nyuma yake binamu. Magunia yao yalikuwa yanaenda kuwekwa moja kwa moja kando ya mizani, na karani hupima kinachowekwa mbele yake.

Kumbe ndiyo maana foleni ya mbele ilikuwa haisongi.

Mzee Mbithi akaingia ofisini. Kofia ilikuwa mkononi. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla.

"Mama Nduku. Zima hiyo kitu."

"Nazima, Mzee."

"Zima sasa hivi!"

"Usizime!" Ilikuwa sauti ya Mwaitu Kalunde, ameshavuka barabara, uso wake umejaa dirishani na wengine nyuma yake.

Na nikiri mbele yenu kwamba nilikuwa nazima. Sikuwa na ushujaa wowote. Yule mzee ndiye aliyenipa kazi, na aibu ya anwani ilikuwa yangu. Kisha nikatupa jicho kwenye televisheni mara moja tena, nikaona wilbaro ikisukumwa. Niliijua kabla ya kumwona mwenyewe, kwa sababu mguu wake mmoja nilikuwa nimeufunga mimi kwa waya mwekundu. Ndani yake magunia mawili. Nyuma yake mwanamume mwenye kofia imeshushwa hadi nyusi, na suruali niliyoipiga pasi mimi.

Baba Nduku. Yule aliyekuwa Tala.

Alipofika chini ya kamera akasimama kupumzika. Kila mtu alijua ile kamera imekufa, kwa hiyo akaitazama moja kwa moja, akajifuta jasho, akachokonoa jino, halafu akaikonyezea jicho.

Banda zima likasema, "Aiya!"

"Si huyo ni bwana ya fundi?" sauti moja ikauliza.

Sijawahi kutaka kuzima kitu maishani kama nilivyotaka kuzima kile. Nikakamata waya niliodhani ni wenyewe, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Ulikuwa wa seva.

Mnaelewa nilichofanya? Anwani ilikuwa na wenyewe wawili wanaonyang'anyana. Nikamwondoa mmoja, na nikaiacha kamera peke yake. Simu zote zilizokuwa bado zinaonyesha namba zikageuka kuwa lango. Picha ya televisheni ikaacha kurukaruka, ikatulia, ikawa safi kama kioo, Baba Nduku katikati anamsalimia askari kwa mikono miwili.

Na nje watu walikuwa wameona hivi: mwenyekiti ananiamuru nizime, mume wangu yuko kwenye skrini, na mimi nimesimama dirishani na waya mkononi, na picha ndiyo kwanza imekuwa nzuri.

Kisha Mwaitu Kalunde akapiga vigelegele, na akina mama wote wakampokea.

"Hata bwana yake!" wakasema. "Hata bwana yake hakumficha!"

Hakuna aliyerusha jiwe. Watu walibeba viti vyao, pamoja na vile vya wageni vyenye vitambaa, wakazunguka nyuma, wakavipanga kwenye lango na kukaa. Hivyo tu. Punda akashindwa kuingia wala kutoka. Maofisa wa kilimo walitazama vikombe vyao kwa makini sana, na padri akaanza kukohoa kikohozi ambacho kwangu kilifanana na kicheko.

Mzee Mbithi hakuwa mjinga. Alikaa ofisini kitambo, akavaa kofia, akatoka, akashika kipaza sauti. "Nilisema hakuna mkubwa," akasema. "Mmenionyesha yuko. Ni mimi. Lango la nyuma limefungwa." Ufunguo akampa Mwaitu Kalunde mbele ya wote, kisha akaenda kwa Syombua kuchukua namba. Alipewa tisini na sita, na hakuna aliyempisha. Uchaguzi uliofuata alishindwa, na tangu hapo ndiye mtu mkali kuliko wote kwenye foleni. Mtoto akisogeza gunia hatua moja, anamwuliza namba.

Tisini na saba alipewa Baba Nduku. Wakakaa benchi moja, wazee wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Mimi nikafuata nyaya mmoja mmoja kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Seva nikaipa anwani nyingine, ya hamsini, na safari hii nikaiagiza raota iitunzie hiyo kompyuta tu, isimpe mwingine. Kamera nikaiwekea nywila. Nikaandika majina kwenye vipande vya karatasi na kuvifunga kwenye nyaya zote nane. Nikabandika anwani mpya, namba zikarudi, na mnajua nini? Foleni ikasonga. Kabla ya saa kumi na moja walikuwa wamefika namba tisini.

Nikampelekea mume wangu chai.

"Tala kulikuwaje?" nikamwuliza.

"Nyamaza, Mama Nduku."

Kabla sijaondoka, simu ikalia. Habari ilikuwa imeshafika Masii.

"Nasikia umekuwa shujaa," akasema Mwalimu Musyoki.

"Watu wanasema hivyo, Mwalimu."

Akauliza, "Zile nyaya za swichi, ulikuwa umeziandika majina?"

Nikaanza kumwuliza habari za kuku. Alicheka hadi akakata simu bila kutaka, kisha akapiga tena ili amalizie kucheka.

Sifa ilinifuata kila mahali. Akina mama wa kanisa wakanialika nikawazungumzie juu ya uadilifu. Nilikwenda. Mungu anisamehe, nilizungumza vizuri sana, wawili walilia. Ningesema nini? Kwamba niliiba anwani ya kamera yangu mwenyewe, halafu nikachomoa waya usio wake? Kila nilipojaribu kueleza, watu walisema, "Na tena ana unyenyekevu!"

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Baba Nduku hakunisemesha wiki nzima zaidi ya "chumvi" na "asante". Siku ya nane, asubuhi, tukiwa mezani, akaweka kikombe chini.

"Mama Nduku, nataka kukuuliza kitu kimoja, na unijibu ukweli. Ile siku. Ulikosea, ama ulinifanyia makusudi?"

Nikamtazama. Nikaona niko kati ya njia mbili: niwe fundi mbaya, au niwe mke mbaya. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, vijana wangu, na jina la ufundi nimelijenga tangu ujana.

"Makusudi," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

"Afadhali," akasema. "Kuna watu pale sokoni walikuwa wanasema eti labda mitambo ilikukoroga. Nilikaribia kupigana nao. Nikawaambia mke wangu anaweza kuniaibisha mbele ya Kangundo yote, lakini kukosea hakosei."

Akaninyooshea sahani ya viazi vitamu, na tukala.

Mpaka leo Baba Nduku ndiye wa kwanza kusoma kila ninachowaandikia, kwa sababu tahajia yake ni nzuri kuliko yangu. Hiki sijampa.